Kazi Mchana, Kitabu Baada ya Magharibi: Mwongozo kwa Mwajiriwa wa Kusini Anayetaka Kusoma Dini

Huku Kusini mwa Tanzania, Mtwara na Lindi, watu wa aina hii ni wengi. Alisoma chuoni, yaani madrasa, kwa maalimu mpaka darasa la saba, akahitimu Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Qurani, kisha sekondari ikamchukua na chuo kikuu kikamalizia. Leo ni mhasibu wa chama kikuu cha ushirika, au muuguzi pale Ligula, au fundi mitambo kwenye gesi ya Madimba, au afisa wa halmashauri Ruangwa. Mshahara unaingia, nyumba imeezekwa. Lakini akisimama kuswalisha nyumbani anazunguka kwenye sura zilezile nne, na mtoto akimuuliza swali la udhu anageuza mazungumzo. Kiu ya kusoma anayo. Akiwaeleza ndugu, wanamwambia mshika mbili moja humponyoka, subiri ustaafu kwanza.

Siafikiani nao. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, kwa hiari 55. Mwenye miaka 33 akiambiwa asubiri, ameambiwa aendelee kubahatisha swala yake kwa zaidi ya miaka 20. Vilevile siafikiani na wanaosema aache kazi. Wanazuoni wamegawa elimu mafungu mawili: ile ya lazima kwa kila mtu, yaani faradhi aini, na ile ambayo wakiifanya wachache wengine wamesalimika, yaani faradhi kifaya. Imamu Ghazali aliutaja utabibu na hesabu katika fungu hili la pili. Muuguzi na mhasibu wako ndani ya dini hata kabla hawajafungua kitabu. Na Imamu Abu Hanifa mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mjini Kufa.

Kwa nionavyo, kinachomwangusha mwajiriwa si uchache wa saa. Ni kusoma bila mwalimu anayemjua kwa jina, na kufungua vitabu vitano bila kumaliza kimoja. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kulizingatia hilo.

Hatua ya 1: Jua unatafuta nini

Wengi husema "nataka kusoma dini" wakiwa na haja tatu tofauti kichwani. Wa kwanza anataka ibada na maisha yake yawe sawasawa. Wa pili anataka kuisoma Qurani vizuri, na akijaliwa aihifadhi yote au sehemu yake. Wa tatu anataka kuwa mwanachuoni, ajue Kiarabu, usuli na hadithi, watu wamfuate kwa maswali. Wawili wa kwanza watafika bila kugusa ajira yao. Wa tatu ana mpango mwingine, nitauzungumzia mbele. Andika haja yako kwa sentensi moja kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, mwalimu atakuuliza.

Hatua ya 2: Anza na fiqhi (hukumu za dini) ya kazi yako

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo msomi wa ofisini anapopotea. Anaingia kwenye mijadala mikubwa ya itikadi iliyowashughulisha watu karne nyingi, na hajui kama swala aliyoifupisha jana safarini ilisihi. Faradhi aini ya kila mtu hufuata kazi yake. Mwenye mali ni lazima ajue zaka, mfanyabiashara ajue mauziano, msafiri ajue swala ya safari.

Chukua dereva, au afisa anayesafiri kikazi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, kufupisha swala kunahitaji safari ya marhala mbili, ambazo wanazuoni wa sasa huzikadiria kilomita 80 na ushei. Kutoka Mtwara kwenda Lindi ni zaidi ya kilomita 100, unafupisha. Kutoka Mtwara kwenda Mikindani hufupishi, hata kama bajaji imekuchosha. Na ukifika ulikotumwa huku umenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, unaswali kamili tangu unapofika. Kwa hiyo afisa wa Nachingwea aliyeitwa Mtwara kwa semina ya siku tatu na mwenzake aliyeitwa kwa ukaguzi wa wiki mbili hawaswali namna moja, ingawa wamepanda gari moja. Ni somo la jioni moja, na litakufaa mpaka siku ya kustaafu.

Chukua mtu wa korosho, na huku nani si wa korosho? Kwa Shafii, zaka ya mazao iko kwenye chakula kikuu kinachohifadhika, kama mpunga na mahindi, pamoja na tende na zabibu. Korosho haimo. Lakini fedha za korosho zikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachotolewa zaka, ambayo kwa dhahabu hukadiriwa gramu 85, na zikapitiwa na mwaka wa Kiislamu mkononi mwako, zinatolewa asilimia 2.5. Mnunuzi aliyezijaza ghalani ili auze ana hesabu nyingine, ya zaka ya biashara. Wahanafi nao wana kauli pana zaidi kuhusu mazao. Mhasibu wa chama cha msingi akiyajua haya, wakulima wa kijiji kizima watamuuliza yeye.

Halafu kuna kangomba, ule ununuzi wa korosho wa mapema unaopimwa kwa bakuli. Serikali imeipiga marufuku, lakini tusijifanye hatuijui. Mtu ana shida ya ada mwezi wa sita, anachukua pesa kwa mwenye nazo, naye atalipwa magunia ya korosho msimu ukifika, kwa thamani inayozidi mbali ile aliyotoa. Fiqhi ina mlango wa kununua kwa fedha taslimu bidhaa itakayokuja baadaye, unaitwa salam, na una masharti: bei yote ilipwe palepale, kipimo kijulikane, sifa za bidhaa zijulikane, muda ujulikane, na isiwe mazao ya shamba fulani ambayo bado ni maua. Bakuli lisilopitishwa kwenye mizani limeshaangusha sharti la kipimo. Na kama kilichotolewa ni mkopo unaorudi na ziada, hiyo ni riba hata ikivaa gunia. Afisa ushirika aliyesoma mlango huu anazungumza na wakulima kwa lugha ambayo waraka wa wilaya hauna.

Muuguzi ana maswali yake: nguo yenye damu ya mgonjwa, swala iliyompita akiwa chumba cha upasuaji, kumhudumia asiye maharimu. Mtu wa benki ana yake, na mazito. Fanya hivi: kwa wiki mbili andika kila swali la dini linalokupata kazini. Usilitafutie jibu kwenye simu. Utapata maswali kama 15 au 20, na hilo ndilo daftari utakalomfungulia mwalimu.

Hatua ya 3: Tafuta mwalimu kabla ya kitabu

Mtwara na Lindi hazikosi walimu. Msafiri wa Morocco Ibn Battuta alipoitembelea Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake wakifuata madhehebu ya Shafii, nao walikuwa watu wa biashara hasa, dhahabu na pembe zikipita mikononi mwao. Tangu zamani hizo mwambao huu haujatenganisha bandari na darsa. Walimu wapo, ila hawabandiki matangazo.

Kwa mwezi mmoja swali Magharibi kwenye misikiti mbalimbali ya mji wako na ubaki hadi Isha. Kaa nyuma, usijitambulishe cheo. Sikiliza nani anafundisha kitabu na nani anahutubia tu. Hotuba ni nzuri, ila wewe unatafuta mtu mwenye kitabu wazi mbele yake, anayesoma mstari, anafafanua, anaweka alama, na kesho anaendelea palepale alipoishia. Ukimpata, angalia mambo matatu. Amesoma kwa nani? Mwalimu wa kweli humtaja mwalimu wake bila kuulizwa mara mbili. Anasema "sijui, ngoja niangalie"? Kama hajawahi kuyatamka maneno hayo, muogope. Na anakusahihisha herufi, au anakupitishia kwa kuwa wewe ni bosi?

Hili la ubosi lina uzito wake. Ni vigumu mkuu wa idara mwenye miaka 45 kukaa mkekani mbele ya kijana wa miaka 28 ambaye juzi alikuja ofisini kwake kuomba kibali cha kisima. Dawa yake ni adabu ya wazi tangu siku ya kwanza. Mwite shekhe au maalimu, hata kama umri wako unakuruhusu kumwita mdogo wangu. Mfuate alipo, usimwite kwako. Sema: "Shekhe, mimi nimesoma ya ofisini, haya mengine sikuyasoma. Nianzie pale unapowaanzishia watoto." Wengi wakisikia hivyo watakukaribisha kwa upole na watakutafutia saa ya peke yako ili usibanane na watoto. Asipokutafutia, banana nao. Watoto hukuzoea ndani ya wiki moja, wala hawakumbuki mkurugenzi ni kitu gani.

Kwa akina dada na akina mama njia ni hiyohiyo, ila ulizia darsa za wanawake, ambazo mara nyingi hukaa baada ya Alasiri au Jumamosi na Jumapili. Ukimpata ustadha mwenye kisomo kizuri cha Qurani, mshike. Kusahihishiwa makharija, yaani matamshi ya herufi, na mwanamke mwenzio kunaondoa haya nyingi, na ukiwa kwenye siku zako atakuelekeza cha kusoma bila wewe kuzungukazunguka.

Malipo: walimu wetu wengi hawapangi ada kwa watu wazima, wanaona aibu. Wewe usione aibu. Uliza nauli yake, uliza msahafu na vitabu vya chuo vinanunuliwaje, kisha toa kiasi kile kile kila mwezi bila kukumbushwa. Usipatane naye kama unayenunua changu sokoni. Na kumbuka kwamba yeye naye pengine ana mikorosho yake: kati ya Oktoba na Desemba utamkosa siku kadhaa kwa sababu ileile inayokukosesha wewe.

Neno la mwisho kwenye hatua hii. Kusini kuna watu wa twarika (njia za kisufi), Qadiriyya na Shadhiliyya, kuna wa maulidi, na kuna wasioyakubali hayo yote. Mwaka wako wa kwanza usichague mwalimu kwa kuangalia nani alimshinda nani kwenye kipaza sauti. Mtafute anayejua kufundisha udhu na swala kwa dalili na utaratibu, na mijadala ile uiache mpaka ujue kusoma ukurasa wa Kiarabu mwenyewe.

Hatua ya 4: Chagua kitabu kimoja, na kiwe kidogo

Mwalimu ndiye atakayechagua, lakini ujue cha kutarajia. Kwa fiqhi, pwani huanza na Safina, kijitabu kifupi cha Kishafii kinachoanzia nguzo za Uislamu na imani kikaingia twahara na swala. Kwa hadithi kuna Arbaini ya Imamu Nawawi. Jina linasema arubaini, ndani zimo 42. Hadithi moja kwa wiki ni wiki 42, na mwaka una 52. Wiki kumi zinazobaki ziweke kwenye kilele cha msimu wa korosho, au mwisho wa mwaka wa fedha kama wewe ni mtu wa hesabu za serikali. Umemaliza kitabu ndani ya mwaka na mapumziko umepata.

Kwa Qurani, msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604 za mistari 15. Anayehifadhi mistari mitatu kwa siku, siku tano kwa wiki, anamaliza ukurasa kwa wiki, juzuu kwa wiki 20 hivi. Msahafu mzima kwa mwendo huo ni zaidi ya miaka 11. Usishtuke. Aliyeanza akiwa na miaka 34 anahitimu kabla ya 50, bado yuko kazini. Lakini kabla ya kuhifadhi nyoosha kisomo. Juzuu Amma ina sura 37, na kuzipitia zote mbele ya mwalimu herufi kwa herufi, hata zile unazodhani unazijua tangu utotoni, kutafichua makosa ambayo ukiyahifadhi leo kuyang'oa kesho ni kazi mara mbili.

Vitabu viwili kwa wakati mmoja vinatosha: Qurani na kimoja kingine.

Hatua ya 5: Funga ratiba kwenye swala

Ratiba ya "kila siku saa 2 usiku" huvunjika wiki ya pili, maana kikao kitachelewa na mgeni atakuja. Swala haingoji kikao. Fungia somo lako hapo.

Mtwara mjini, Magharibi huingia dakika chache tu baada ya saa 12 jioni mwezi Mei na Juni, na mwishoni mwa Januari husogea karibu na saa 1 kasoro dakika 10. Isha hufuata baada ya saa moja na robo hivi. Hilo ndilo dirisha la darsa tangu enzi. Ofisi za serikali zinafungua saa 1:30 asubuhi na kufunga saa 9:30 alasiri, kwa hiyo mtumishi anayekaa mjini anawahi hata mwezi wa giza la mapema. Alfajiri nayo huku huadhiniwa kati ya saa 10:30 na saa 11:20 kutegemea mwezi. Ina maana mwaka mzima una saa mbili, wakati mwingine karibu tatu, kati ya adhana na kengele ya kazi. Nusu saa ya hapo ni ya kuhifadhi, kichwa kikiwa hakijaguswa na simu ya mtu. Magharibi ni ya mwalimu.

Je, kila siku? Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Abdullah bin Masud alikuwa akiwafundisha watu kila Alhamisi tu. Mmoja akatamani iwe kila siku, naye akamjibu kuwa anachelea kuwachosha, kama Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyokuwa akiwachagulia nyakati asije akawachosha. Kwa mwajiriwa napendekeza Alfajiri siku tano, na mwalimu mara mbili kwa wiki. Anayeanza na siku saba simwoni mwezi wa tatu.

Jambo moja la amana: saa za mwajiri ni za mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi anayefululiza zaidi ya saa tano mapumziko ya angalau saa nzima. Hiyo ni yako, swali Adhuhuri, kula, pitia ukurasa wako. Ukimaliza saa hiyo funga kitabu. Mwananchi aliyetoka Tandahimba na basi la alfajiri hawezi kungojeshwa dirishani kwa sababu karani anarudia Suratul Mulk aliyoihifadhi. Kwa swala ya Ijumaa, zungumza na mkuu wako mapema mwanzoni mwa mwaka, si Ijumaa saa 6 mchana, na useme utafidia vipi dakika zitakazozidi. Wakuu wengi hawana tatizo na swala. Tatizo lao ni mtu kutoonekana bila taarifa.

Hatua ya 6: Kama unafanya kazi kwa zamu, tafuta mwenza

Mtu wa bandari, wa gesi, wa wodi, hana Magharibi ya kudumu. Wiki hii yumo, wiki ijayo yuko kazini usiku. Hapo watu wengi hukata tamaa, na ndipo pana mfano ulio wazi kuliko yote. Bukhari amepokea kutoka kwa Umar bin Khattab kwamba yeye na jirani yake Mwansari, waliokuwa wakikaa viungani mwa Madina, walikuwa wakipokezana kushuka kwa Mtume: siku moja anakwenda huyu, siku ya pili yule, na aliyekwenda humletea mwenzake habari za wahyi na mengineyo ya siku hiyo. Umar alikuwa na zamu.

Kwa hiyo tafuta mtu mmoja, kazini kwenu au mtaani, ambaye zamu yake inapishana na yako. Wekeni masharti manne. Wote wawili muwe na nakala ileile ya kitabu, chapa moja, ili kurasa zilingane. Aliyehudhuria aandike somo usiku uleule kabla ya kulala, mistari mitatu inatosha: tumeanzia wapi, tumeishia wapi, swali gani limeulizwa. Mkutane ana kwa ana mara moja kwa wiki, hata kwa nusu saa pale kwenye kahawa, aliyehudhuria amsomeshe mwenzake. Na mwalimu ajulishwe, asije akadhani mmoja wenu ni mtoro.

Ujumbe wa sauti kwenye simu unasaidia, lakini usiufanye mbadala wa kukutana. Kumfafanulia mwenzio mlango wa tayamamu ndiko kunakokuonyesha kama uliuelewa. Na kwa kisomo cha Qurani mwenza hatoshi, lazima wewe mwenyewe upeleke ulimi wako kwa mwalimu.

Ukitoka zamu ya usiku, lala. Kuna watu hutoka wodini saa 1:30 asubuhi wakaenda moja kwa moja darsani, wanasinzia mpaka kofia inaanguka.

Hatua ya 7: Likizo ni msimu wako wa kisomo

Malik bin al-Huwayrith anasimulia, na hii pia iko Bukhari, kwamba walikwenda kwa Mtume wakiwa vijana wa rika moja, wakakaa kwake masiku 20. Alipoona wanawatamani watu wao, akawauliza waliowaacha nyumbani, akawaambia warudi kwao, wawafundishe, na waswali kama walivyomwona akiswali. Masiku 20, na waliporudi wakawa walimu.

Sheria hiyo ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo. Watu wa Kusini tunajua zinakokwenda: shambani, harusini, unyagoni, kusalimia wazee. Sisemi uzinyime haki hizo. Gawa. Siku 10 za kisomo cha mfululizo, asubuhi na jioni kwa mwalimu mmoja, zinaweza kukupitisha mlango ambao darsa za wiki zingeuburuza miezi. Unaweza kwenda Zanzibar au Tanga, ila kwa mtu wa kwanza nashauri abaki kwa mwalimu wake yuleyule. Nauli na siku za basi ziingie kwenye kitabu.

Panga mwezi kwa akili. Mpango wa likizo hujazwa mapema ofisini, na kila mtu huomba Desemba. Wewe omba Mei au Juni. Masika yamekwisha, mnada wa korosho haujaanza, Magharibi inaingia mapema na usiku ni mrefu. Mwalimu naye ana nafasi, isipokuwa siku anazopuliza salfa kwenye mikorosho yake.

Ramadhani iangalie mbele. Kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11, na sasa inaelekea ndani ya msimu. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena siku za mwisho za Desemba, mwandamo utakavyoamua. Zile tafsiri za Qurani za baada ya Alasiri, ambazo mtu wa ushirika alizizoea kwa raha miezi ya Aprili na Mei, zitamkuta ghalani anahesabu magunia. Mwenye mazoea ya kusoma dini Ramadhani tu aanze kubadilisha sasa.

Hatua ya 8: Nyumbani kwanza wajue

Darsa mbili kwa wiki ni jioni mbili ambazo mke au mume atabaki na watoto peke yake. Usimpe taarifa, mshirikishe. "Mama Fulani, Jumatatu na Alhamisi nitakuwa kwa shekhe mpaka Isha. Wewe siku zako ni zipi?" Swali hilo la pili ndilo wanaume wengi hulisahau. Kama yeye naye anataka darsa la Jumamosi, baba abaki na watoto Jumamosi, na ugali asonge. Sahaba Salman alipomkuta mwenzake Abu Dardaa ameitelekeza nyumba yake kwa ibada, alimwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume akamsadikisha Salman.

Njia nyepesi ya kuwaingiza: ulichosoma Alhamisi, wasomee watoto Ijumaa jioni kwa dakika 10.

Hatua ya 9: Simu

Darsa za kurekodiwa zitumie kurudia somo la mwalimu wako, za kitabu hichohicho. Pakua nyumbani bando likiwa bado lina nguvu, usikilize kwenye basi la Masasi. Ukijikuta umesikiliza mashekhe sita kwa mada sita ndani ya wiki, umeburudika, hujasoma.

Hatua ya 10: Kwa anayetaka kuwa mwanachuoni

Huyu nilimwahidi. Kwanza amalize Safina, na Kiarabu cha mwanzo kwa angalau miaka miwili, akiwa kazini. Wengi hugundua hapo kuwa haja yao ilikuwa ile ya kwanza au ya pili, na hakuna ubaya. Anayebaki na hamu ileile aangalie mambo kwa macho makavu. Vyuo vingi vya Uarabuni vinavyotoa ufadhili huweka ukomo wa umri kwa shahada ya kwanza, na mwajiriwa mara nyingi ameshaupita. Hapa nchini kuna Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, na Zanzibar kuna vyuo vya dini. Ulizia mwenyewe programu, ada, na kama kuna masomo yanayomfaa mtu wa kazini. Ulizia pia kwa mwajiri kuhusu ruhusa ya masomo kabla ya kuomba chuo, na upate jibu kwa maandishi.

Weka akiba ya matumizi ya nyumba kwa muda wote utakaokuwa nje ya mshahara, na mikopo ya mshahara iishe kwanza. Kusoma mlango wa madeni huku mdai anapiga simu ni mateso. Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi, ni ile ya kubaki kwa mashekhe wa hapahapa kitabu baada ya kitabu kwa miaka 10 au 15, ukiwa kazini, kila kitabu ukikihitimu mwalimu akupe idhini ya kukifundisha. Haina joho wala picha ya mahafali. Lakini baadhi ya maimamu tunaoswali nyuma yao walipita humo, asubuhi walimu wa shule ya msingi, jioni walimu wa chuo.

Ukipata uhamisho

Hili humpata kila mtumishi. Barua inakuja, Liwale, uripoti ndani ya siku chache. Kabla ya kufunga mizigo, nenda kwa mwalimu na kitabu chako. Mwombe aandike kwa mkono wake, ukurasa ulioishia, tarehe na jina lake. Mwombe pia jina la mtu anayemwamini huko uendako, ampigie simu mbele yako. Mashekhe wa Kusini wanajuana kuliko unavyodhani, wengi walikaa chuo kimoja. Ukifika Liwale, Magharibi ya kwanza isikupite bila kumsalimia huyo mtu. Akitaka kukupima upya na kukurudisha nyuma kurasa kumi, rudi, ana namna yake ya kufundisha. Na yule mwenza wa zamu uliyemwacha Mtwara umtafutie mwingine kabla hujaondoka, maana somo lake lilikuwa linamfikia kupitia kwako.